Kwa nini tui la chupa lilikatika: uchambuzi wa kisa cha Ngamiani, Tanga

Kikundi cha akina mama wa Ngamiani, jijini Tanga, kilikuwa kikiuza tui la nazi katika chupa za nusu lita kwa mama lishe na kwa hoteli ndogo za mjini. Nazi zilitoka Kigombe na Pangani, zikakunwa kwa mashine, kisha zikakamuliwa kwa kitambaa kwa kutumia maji ya uvuguvugu. Hatua zilizofuata zilipangwa na wanachama ambao awali walikuwa wakiuza maziwa: tui lilichemshwa mpaka likatokota, likaachwa lipoe ndani ya sufuria hiyohiyo, likakamuliwa ndimu ili lisichache, likatiwa chupani na kugandishwa kwenye friza. Mteja alipoliyeyusha alikuta matabaka matatu, juu mafuta yanayong'aa, katikati mabonge meupe, chini maji yenye weupe hafifu. Chupa zilianza kurudishwa.

Lawama zilimwangukia mchuuzi wa nazi. Ilisemwa kwamba analeta nazi ambazo hazijakomaa, na kikundi kilikuwa karibu kuvunja makubaliano naye. Wengine walidhani mashine ya kukunia inapata moto na kuharibu chicha, wengine kwamba maji yalizidi, na mmoja alipendekeza tui litiwe unga wa ngano ili lishikane. Niliombwa kuangalia jambo hilo kwa sababu kazi yangu ni kufundisha usindikaji wa vyakula, na nilikubali kwa sharti moja, kwamba mchuuzi asihukumiwe kabla hatua zote hazijapimwa moja moja.

Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotapakaa ndani ya maji, mchanganyiko ambao wanasayansi huuita emulsheni. Tui zito lililokamuliwa bila kuongezwa maji linaweza kuwa na mafuta kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, pamoja na protini asilimia tatu au nne. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, cha mwaka 2003 kinataka bidhaa inayoitwa tui la nazi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukiongezeka) isiyopungua 5.9. Namba hiyo ya pH itatusaidia mbele.

Mafuta na maji havipatani, na kila mahali vinapokutana kuna gharama ya nishati inayovifanya vitafute kupunguza eneo la kukutania. Ndiyo maana mafuta yaliyomwagwa majini hukusanyika yakawa tabaka moja. Basi swali la kuuliza kwanza ni kwa nini tui bichi huweza kukaa jeupe kwa saa nyingi bila mafuta yake kujitenga, wakati ndani ya lita moja kuna mpaka mkubwa ajabu kati ya mafuta na maji. Tuchukue lita moja yenye mililita 200 za mafuta, na tuseme matone yake yana kipenyo cha mikromita 10, yaani sehemu ya mia moja ya milimita. Jumla ya nyuso za matone hayo ni mita za mraba 120, eneo la nyumba ya kawaida, na lote limo ndani ya chupa mbili za nusu lita.

Kinachoyazuia matone hayo yasiungane ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, na asidi hizo hazina tabia moja: baadhi zinapenda maji, nyingine zinayakimbia. Protini ikiwa ndani ya maji hujikunja ili zile zinazoyakimbia maji zifichwe ndani na zile zinazoyapenda zikae nje. Ikifika kwenye uso wa tone la mafuta, mkunjo ule unapata mahali pengine pa kutulia. Sehemu zilizofichwa huanza kufunguka na kuelekea upande wa mafuta, sehemu nyingine hubaki upande wa maji, na molekuli nzima hulala juu ya mpaka. Jirani zake hufanya vivyo hivyo, kisha hushikana baina yao, na baada ya muda tone zima linakuwa limevikwa utando wenye unene wa nanomita chache tu. Walter Ramsden wa Oxford alionyesha mwaka 1903 kwamba myeyuko wa protini ukitikiswa hujenga utando mgumu juu ya uso wake, na tangu wakati huo imezidi kufahamika kwamba protini iliyofika mpakani si ile ile iliyokuwa ndani ya maji.

Kuna tabia moja ya utando huu ambayo ningependa msomaji aikumbuke, kwa kuwa ndiyo inayoeleza mengi ya jikoni. Protini haishiki mpaka kwa mguso mmoja. Inaushika kwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na ili iachie ingelazimika kuachia zote pamoja, jambo ambalo karibu halitokei. Kwa hiyo ukiongeza maji kwenye tui zito ukapata tui jepesi, protini hazitoki kwenye matone kwenda kwenye maji mapya, na tui halikatiki kwa kuzimuliwa. Dhana ya kikundi kwamba "maji yalizidi" haikuwa na msingi. Maji mengi hulifanya tui liwe jepesi na malai yapande haraka, lakini hayavunji utando.

Unga nao haukuwa dawa. Uso wa matone unahitaji protini kati ya miligramu moja na tatu hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 120 za mraba, hata tukichukua miligramu mbili, inatosha robo gramu. Lita ya tui lililozimuliwa kiasi ina gramu nyingi za protini, mara kadhaa ya hitaji hilo, hata tukikubali kwamba sehemu yake haijayeyuka vizuri. Kwa hiyo tui la Ngamiani halikukosa protini. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa katika hali ya protini hizo, yaani jinsi zilivyotendewa baada ya kukamuliwa. Hapo ndipo nilipoelekeza uchunguzi wote.

Nazi za mzigo mmoja zilikunwa na kukamuliwa, na tui lake likagawanywa kwenye bilauri za kioo. Bilauri ya kwanza iliachwa kama ilivyo. Ya pili ilikamuliwa ndimu, ya tatu ilichemshwa bila kukorogwa mpaka ikatokota, ya nne ilipashwa moto huku ikikorogwa na kuondolewa jikoni kipimajoto kiliposoma nyuzi 72, na ya tano iligandishwa ikiwa mbichi.

Bilauri ya kwanza baada ya saa chache ilionyesha tabaka zito juu na jepesi chini, na baadhi ya wanachama wakasema nayo imekatika. Haikuwa imekatika. Ilipokorogwa polepole ilirudi kuwa nyeupe yote, na juu yake hapakuwa na hata tone moja la mafuta linaloonekana. Malai yalikuwa yamepanda tu, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Tone la mikromita 10 likiachwa peke yake katika maji matulivu hupanda kiasi cha sentimita moja na nusu kwa saa, na la mikromita moja hupanda mara mia moja polepole zaidi, kwani mwendo hufuata mraba wa kipenyo. Kupanda kwa malai na kukatika kwa tui ni mambo mawili tofauti, na nadhani nusu ya mabishano ya kikundi yalitokana na kuyaita kwa jina moja.

Bilauri ya ndimu ndiyo iliyofundisha zaidi. Karatasi ya kupimia ilisoma pH karibu na 6 kabla ya ndimu, na karibu na 4 baada yake. Ndani ya dakika chache kioo kilipakwa chembe nyeupe zilizoteleza chini ukiinamisha bilauri. Tuliazima darubini ya shule jirani, tukaweka tone moja kwenye kioo. Tui bichi lilionekana matone ya mviringo, makubwa na madogo, kila moja likitikisika mahali pake bila kugusa jingine. Tui la ndimu lilionekana vishada, matone yaliyogandamana kwa makumi, lakini ukitazama kwa makini kila tone ndani ya kishada lilikuwa bado zima na mduara wake haujavunjika. Kisha tulitia kidogo sana magadi soda yaliyoyeyushwa kwenye maji, tukakoroga. Sehemu kubwa ya vishada ikaachana.

Maelezo yake ni haya. Protini hubeba chaji za umeme, na jumla yake hutegemea uchachu wa maji. Kwenye pH ya tui bichi, protini za nazi zina chaji hasi, kwa hiyo kila tone lililovikwa utando wake lina chaji hasi, na matone yenye chaji ya aina moja husukumana yanapokaribiana. Ndimu inapoongeza uchachu, chaji chanya huongezeka hadi zinalingana na hasi. Kwa protini za nazi mlingano huo hutokea karibu na pH 4. Hapo msukumano unaisha, utando unasinyaa, matone yanashikana. Magadi yakirudisha pH juu, chaji zinarudi na matone yanaachana, jambo linaloonyesha kwamba ndimu peke yake ilikuwa imeyaunganisha matone kwa nje bila kuyatoboa. Na hilo linaendana na kiwango cha Codex kinachotaka pH isiyopungua 5.9: chini zaidi ya hapo, tui linaelekea kule ambako utando wake haulilindi tena.

Bilauri ya tatu haikurudi. Tulikoroga, tukatia magadi, mabonge yakabaki mabonge, na juu ya tui yakaelea macho ya mafuta. Joto lilikuwa limefanya kazi ya aina nyingine. Protini nyingi za nazi ni globulini na albumini, ambazo nguvu yake yote iko katika mkunjo wake, na kuanzia nyuzi 80 hivi mkunjo huo hufunguka. Sehemu zinazoyakimbia maji zinajitokeza nje, zinakamatana na zile za protini jirani, na mshikamano huo haufunguki tena tui likipoa. Kama matone yametulia na kugusana wakati huo, utando wa tone hili unaungana na wa tone lile. Mabonge yanavutana, yanakunjamana, utando unapasuka hapa na pale, na mafuta yanatoka.

Hapo ndipo uzoefu wa maziwa ulipowapotosha akina mama hawa, nao walikuwa na sababu nzuri ya kuuamini, kwa kuwa Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa na kila mtu amezoea kuona maziwa yakichemka na kubaki maziwa. Lakini protini kuu ya maziwa ni kazeini, ambayo tangu mwanzo haina mkunjo mgumu wa kufunguliwa na joto, na ndiyo maana maziwa mabichi yasiyochacha huvumilia kutokota. Nazi haina kazeini. Mbele ya ndimu tui na maziwa hufanana, kwani hata maziwa hukatika pH ikifika karibu na 4.6, lakini mbele ya moto hayafanani hata kidogo, na yeyote anayehama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine anapaswa kuanza upya.

Bibi mmoja aliyekuwa akitusikiliza, mama mzazi wa mmoja wa wanachama, alisema, "Mwanangu, tui halichemshwi kama chai. Linakorogwa mpaka lichemke, na kasimile inaingia mwisho." Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo, shikamoo yake ni ya haki mara mbili. Samaki huchemshwa kwanza kwa tui la pili, ambalo mafuta yake ni machache na matone yako mbali mbali, kwa hiyo protini zikiganda huganda kila moja mahali pake. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, yenye matone yaliyosongamana, huingia moto ukiwa umepunguzwa, nayo haikai muda mrefu. Na kukoroga si desturi tupu: kunazuia tui la chini ya sufuria kufikia joto kali kabla ya la juu, na kunayanyima matone nafasi ya kutulia yakigusana wakati utando wake unabadilika.

Jambo hili lina upande wake wa pili, unaothibitisha maelezo yote. Anayepika mafuta ya nazi anataka tui likatike, naye hufanya kwa makusudi yote yaliyoharibu chupa za Ngamiani. Huliacha tui usiku kucha lichache, bakteria wakalishusha pH, malai yakashikana juu. Kisha huyachemsha malai hayo hadi maji yaishe na protini zigeuke makapi ya kahawia chini ya sufuria, na mafuta safi hubaki juu. Hatua ni zilezile, tofauti ni lengo.

Bilauri ya nne, ya nyuzi 72, ilibaki nyeupe na laini. Ya tano, iliyogandishwa ikiwa mbichi, ilipoyeyuka ilitoa mafuta, si mengi kama ya chupa zilizorudishwa, lakini ya kutosha kulaumiwa. Sababu ni mbili. Barafu inapoundwa inayasukuma matone kwenye nafasi finyu ya maji yaliyobaki, ambamo chumvi na asidi nazo zimekolea. Pili, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kama kila mtu wa pwani anavyoona kwenye chupa ya mafuta asubuhi ya kipupwe. Ndani ya friza, hata yale yaliyo kwenye matone madogo huganda, na fuwele zake zenye ncha hutoboa utando na kuingia tone la jirani. Zikiwa baridi, matone yanashikiliwa na fuwele. Zikiyeyuka, yanaungana yakawa tone moja kubwa.

Basi chupa za Ngamiani zilipigwa mara tatu, na mpangilio wa mapigo ulizidisha madhara. Moto ulivunja mikunjo na kuanza mabonge, ndimu ikaondoa chaji zilizobaki za kuyatenganisha matone, friza ikatoboa tando zilizokuwa tayari dhaifu. Niliuliza pia kuhusu sabuni ya kuoshea chupa, kwa kuwa molekuli ndogo za sabuni hukaa mpakani kwa msongamano mkubwa kuliko protini na zinaweza kuzisukuma zikatoka, utando imara ukawa dhaifu. Chupa zilikuwa zikisuuzwa vizuri, nikaliacha. Mchuuzi wa nazi hakuwa na hatia, na kikundi kilimwambia hivyo.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Akina mama walikuwa wakitia ndimu kwa sababu ya kweli: tui ni chakula ambacho vijidudu hustawi ndani yake, na walitaka likae siku nyingi. Katika usindikaji, pH 4.6 ni mpaka wa usalama, kwani juu yake bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali, wanaweza kukua ndani ya chombo kilichofungwa na kuwekwa nje ya baridi. Lakini ukishuka chini ya pH hiyo unaingia kwenye eneo ambalo protini za nazi zinapoteza chaji. Uchachu unaolifanya tui liwe salama ndio unaolikata, na hakuna ustadi wa kukoroga unaoweza kuuondoa mgongano huo. Viwanda hutoka hapo kwa kupitisha tui kwenye mashine ya shinikizo kubwa inayopasua matone yawe madogo sana, kwa kuongeza kazeini au viambato vingine vya kuunganisha mafuta na maji, vinavyoshika mpaka bila kutegemea protini za nazi, kwa gundi za chakula zinazoyafanya maji kuwa mazito, na kwa joto kali la muda mfupi katika vyombo vilivyofungwa. Kikundi hakina mashine hizo. Niliwaambia wazi kwamba tui la kukaa rafuni bila baridi wasilifikirie kwa sasa, na kwamba ni hatari kujaribu kulitengeneza kwa kukisia.

Walichochagua ni tui la baridi la muda mfupi. Linapashwa moto hadi nyuzi 72 na kushikiliwa hapo kwa dakika 20 huku likikorogwa bila kukoma, linapozwa upesi kwa kuzamisha sufuria kwenye maji ya barafu, linatiwa kwenye chupa safi na kuwekwa kwenye jokofu, wala si kwenye friza. Linauzwa ndani ya siku tatu. Ndimu imeondolewa kabisa. Anayeitaka ataikamua mwenyewe mezani. Tui la pili linauzwa kwa chupa tofauti na kasimile kwa chupa ndogo, kwa kuwa mama lishe wanajua kila moja inaingia lini.

Malalamiko yaliyobaki ni ya tabaka la juu. Chupa iliyolala kwenye jokofu usiku mzima huwa na malai mazito shingoni, na mteja asiyefahamu hudhani ni lile tatizo la zamani. Karatasi ya chupa sasa inamwambia aitoe kwenye baridi kwanza, aiache mpaka malai yalainike, ndipo aitikise polepole. Utaratibu huo una maana: ukitikisa malai yakiwa baridi unayagonganisha matone wakati fuwele zimejaa ndani yake, na hapo unaweza kulikata kwa mkono tui ambalo jiko halikulikata. Mama lishe wawili wa karibu na soko la Mgandini, waliokuwa wameacha kununua, wameanza tena kuchukua kasimile.